Cherehani Bila Uzi

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na ukitaka kumuudhi mwambie anashona vizuri. "Vizuri ni kwa wale wanaojaribu," atakujibu. "Mimi nashona." Ana maneno huyo. Nimefanya kazi naye tangu watoto wake walipokuwa wakitambaa chini ya meza ya kukatia, nao ni wanangu pia, maana mama yao ni dada yangu wa tumbo moja. Sasa wameoa na kuolewa, wako mbali, na sisi wawili bado tuko palepale: yeye kwenye cherehani mlangoni penye mwanga, mimi nyuma kwenye meza ya pasi. Yeye anakata na kushona. Mimi natia vifungo, nafumua bandi, napiga pasi na kugombana na wateja. Kila mtu na kipaji chake.

Bandi, kwa asiyejua, ni ile mishono mirefu ya mkono ambayo fundi anashikizia vipande vya nguo kabla ya kuvipitisha kwenye mashine. Mashine ikishapita, bandi haina kazi tena. Mimi naishika kwenye fundo, naivuta, uzi unatoka mzima, na nguo inabaki imesimama kwa mshono wake wa kweli. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotuumbua baadaye.

Cherehani yenyewe ni ya miguu. Aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Ni chuma kitupu, wanaume wawili wakiibeba hawasemezani, na chini ina kanyagio pana lenye matundu ya urembo, la kutosha miguu yote miwili: wa kulia mbele kidogo, wa kushoto nyuma. Dada amemwambia miaka nenda miaka rudi anunue ya umeme, apumzishe magoti. "Na umeme ukikatika," anamuuliza, "nikanyage hewa?"

Basi siku moja mlinzi wa ghala la unga la hapo jirani alikuja kuchukua suruali yake, akatuachia mtoto wa mbwa. Mbwa wake alikuwa amezaa, watu wamegawana, akabaki mmoja ambaye hakuna aliyemtaka. Sikio moja lilisimama vizuri, la pili lilikuwa limekunjwa katikati, limenyooka ukingoni utadhani nimelipiga pasi mwenyewe.

"Fundi, huyu ana kasoro ya sikio," alisema mlinzi. "Wewe si unarekebisha? Rekebisha."

Shemeji akamweka mapajani, akavaa miwani, akalipapasa lile sikio kwa vidole viwili, vile anavyopapasa kitambaa dukani. "Kasoro iko wapi?" akasema. "Hili ni pindo. Na aliyelipinda anajua kazi kukushinda wewe kulinda unga."

Hivyo akaitwa Pindo.

Mimi na mbwa hatupikiki chungu kimoja, nilisema siku ileile, na nilisema kwa sauti. Mbwa ana manyoya, na kazi yangu ni kutoa nguo safi. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwamba hata mimi nina nywele na hajawahi kunifukuza.

Siku ya kwanza yule mtoto alilia bila kituo. Tulimwekea boksi, akalia. Tulimwekea vipande vya flana ndani ya boksi, akalia juu ya flana. Mwishowe alijikokota mwenyewe mpaka chini ya cherehani, akapanda kwenye kanyagio upande wa kulia, akajikunja pale. Shemeji alikuwa katikati ya mshono wa koti la mtu. Akautoa mguu wa kulia, akauweka sakafuni, akaendelea na wa kushoto peke yake. Kanyagio likaenda juu, likarudi chini, juu, chini, na Pindo akanyamaza. Mshono ulipofika mwisho na mashine kusimama, akafumbua jicho moja na kuanza kulia upya. Shemeji akanitazama.

"Shemeji," akasema, "hebu niletee nguo nyingine ya kushona. Yoyote."

Tangu siku hiyo akawa fundi wa mguu mmoja. Wateja walicheka. Kuna waliokuja na nguo zisizo na tatizo lolote ili tu wainame waone mbwa anayebembelezwa na mashine. Pindo akakua, kanyagio likawa dogo, akabaki kuweka kidevu na miguu ya mbele tu, sehemu nyingine yote ikatandazwa sakafuni. Na mguu wa shemeji haukurudi. Alisema ameshazoea. Mazoea yana taabu, nikamwambia, na huo ndio ukweli, japo wakati ule nilikuwa namtania tu.

Ugomvi wangu na Pindo ulikuwa ndala. Nikipiga pasi huwa navua ndala, nasimama juu ya kipande cha boksi, maana baridi ya sakafu ya saruji inapanda miguuni. Nikigeuka, ndala ya kushoto haipo. Ya kulia hakuigusa hata siku moja. Nitamtukana, nitapiga magoti, nitaivuta kutoka chini ya cherehani ina mate, na shemeji atasema, "Mwenzio anapenda kazi ya mikono, mwache ajifunze." Nikaanza kuziweka ndala juu ya rafu, pamoja na masanduku ya vifungo.

Ugonjwa ulikuja ghafla. Asubuhi hakuigusa ndala niliyoisahau chini, na mimi, badala ya kushukuru, nikaisogeza mpaka puani pake. Mchana akatapika. Kesho yake alikuwa anaharisha damu. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki yake, akamtundikia maji ya dripu kwenye msumari tunaotundikia makoti. Alisema ni ule ugonjwa wa tumbo unaoua watoto wa mbwa. Sindano ya kwanza ya kinga alikuwa amepata, ya pili siku yake ilikuwa haijafika, na ugonjwa haukusubiri. Hakuna aliyekosea, alisema. Mwekeni pa joto, mpeni utulivu.

Utulivu! Pindo hakujua utulivu wa kitu kilichosimama. Alilia kwa sauti nyembamba mpaka shemeji akamnyanyua, akamrudisha kwenye kanyagio. Na hapo ndipo nilipolazimika kugeukia ukuta, kwa sababu alikuwa amekonda hata akatosha tena, mzima mzima, kama siku aliyokuja.

Shemeji akautoa uzi kwenye sindano. Akatoa na bobini yenye uzi wa chini. Akaweka kitambaa cha bitana chini ya mguu wa mashine, pale sindano inaposhukia, ili meno ya chuma yasisagane, akaanza kukanyaga kwa mguu wa kushoto, polepole. Cherehani isiyo na uzi ina sauti yake. Haikazi, haikwaruzi, inapumua tu. Tulishinda na sauti hiyo. Wateja wakifika mlangoni nawapungia mkono waondoke. Dada alikuja na chakula, akakiweka, akakirudisha vilevile. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na kesho yake tena, mpaka mchana mmoja daktari alipokuja kubadilisha chupa ya dripu. Aliinama chini ya cherehani, akakaa pale kidogo, kisha akamgusa shemeji goti la kushoto.

"Fundi," akasema. "Unaweza kusimamisha."

Shemeji alimzika nyuma ya duka, penye ukuta. Alimkatia sanda ya bitana ya bluu na kuipinda kingo zote kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana, kazi ya nguo ya waziri. Nilimshikia taa ya simu mle stoo akitafuta jembe.

Watu ni watu. "Pole, lakini ni mbwa tu," walimwambia. "Tutakutafutia mwingine." Mlinzi wa ghala alikuja kabisa kusema mama yake Pindo ana mimba tena. Shemeji aliwashukuru wote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na yeye hakuwa na nguvu ya kumweleza mtu. Alichofanya ni kurudi kwenye kiti chake na kushona. Kwa mguu wa kushoto. Ule wa kulia aliuweka sakafuni, pembeni, kama jana na juzi.

Nilidhani ni suala la siku chache. Na mimi nilikuwa na yangu: kila asubuhi navua ndala, naziweka juu ya rafu. Siku moja nikajishtukia, nikaziacha chini kusudi. Nilipiga pasi mashati, nikageuka. Nikapiga mengine, nikageuka. Jioni zilikuwa palepale, zote mbili, kavu. Nilimkumbuka yule mbwa vibaya sana siku hiyo, mimi niliyesema hatupikiki chungu kimoja.

Sasa, tulikuwa na kazi kubwa mkononi, sare za wauguzi wa hospitali, pamoja na koti la drili, kitambaa kizito, la mkuu wao, Metroni mwenyewe. Metroni ni mwanamke ambaye akikohoa hata wagonjwa wanakaa sawa. Koti likaja mezani kwangu limekamilika, mikono imepachikwa, ubavu umefungwa. Nikashika fundo la bandi begani, nikavuta. Mkono wa koti ukadondoka. Nikavuta bandi ya pili, mkono wa pili ukafuata. Nikavuta ya ubavu, na koti la Metroni likafunguka mezani, likarudi kuwa vipande vilevile vilivyokatwa kwa chaki.

Nilicheka. Nani asingecheka? Kisha nikachukua kipande kimoja nikakipeleka kwenye mwanga. Kando ya ukingo kulikuwa na vitundu vya sindano, vimepangana, vimenyooka, umbali mmoja. Ulikuwa mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kuona mkononi mwa mtu yule, na haukuwa na uzi.

"Shemeji," nikamwita taratibu. "Umesahau kutia uzi."

Hakugeuka. "Sikusahau."

Nikamsogelea na kile kipande.

"Ukitia uzi mashine inakaza," akasema. "Inabadilika sauti. Zile siku za mwisho hakuwa analala kwenye sauti hiyo."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Sijui alikwenda saa ngapi," akaendelea, na macho yake yalikuwa kwenye sindano. "Nilikuwa nakanyaga. Labda alikufa daktari alipokuwa anaingia mlangoni. Labda alikufa asubuhi, nikabembeleza maiti mpaka mchana. Nimekaa naye miguuni, shemeji, na sijui. Sasa nikisimamisha, naona ndiyo namwacha."

Sikumwona Dada mlangoni, na bakuli lake la chakula. Alikuwa amesikia yote. Aliingia, akaviona vipande vya koti, akamwona mumewe, akauona ule mguu wa kulia sakafuni.

"Baba watoto," akasema, "nyumbani tukikaa mezani mguu wa kushoto unakanyaga. Kitandani unakanyaga. Nimenyamaza. Lakini mtu hawezi kuishi hivi, na kazi hii itatukimbia. Jumamosi namleta mnunuzi wa mashine kuukuu. Ama mguu urudi, ama mashine iondoke."

Nilimsindikiza nje nikiwa na hasira, nikidhani ni ukatili. Huko nje alikuwa analia, amejiziba mdomo kwa mtandio. "Nifanyeje?" akaniuliza. "Niambie wewe, nifanyeje?"

Mguu haukurudi. Ijumaa Dada aliniambia niisafishe mashine, isionekane imechakaa. Nikachukua kitambaa na mafuta. Nilifuta kichwa, gurudumu, mkanda, miguu ya chuma, nikafuta kanyagio. Dada akaja kukagua.

"Na hapo?"

Nikaangalia. Upande wa kushoto ulikuwa unang'aa. Upande wa kulia nilikuwa nimeuzunguka, sikuugusa. Kwenye yale matundu ya urembo kulikuwa na manyoya yamenasa, ya kahawia.

"Hapo baadaye," nikamjibu. Dada ananijua, hakuuliza tena.

Mnunuzi alifika Jumamosi, mtu mpole mwenye kitambi, na kalamu nyuma ya sikio. Shemeji alisimama pembeni ya meza yangu, mikono nyuma, mgeni ndani ya duka lake. Yule bwana alizungusha gurudumu, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akavuta kiti, akaketi, akanyanyua miguu yake miwili.

"Ondoa mguu!"

Sauti ilijaa duka zima. Shemeji alinitazama. Dada alinitazama. Ndipo nilipojua kuwa ni mimi.

Mnunuzi alibaki na miguu hewani. "Mguu upi, mama?"

"Wa kulia."

"Sasa nitaijaribuje?"

"Utajua mwenyewe," nikasema. "Hapo pana mwenyewe."

Shemeji akaanza kucheka. Alianza mabegani, akashuka tumboni, akashika meza yangu ya pasi ili asianguke, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka yakaendelea peke yao, kicheko kikiwa kimekwisha. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia tangu siku ya bitana ya bluu. Dada alimwendea, akasimama karibu yake, bega kwa bega, bila kumshika.

"Kaka, tuwie radhi, tumekusumbua," alimwambia mnunuzi. "Mashine haiuzwi."

"Kwa sababu ya mguu?"

"Kwa sababu ya mguu."

Yule bwana aliondoka akituangalia kwa huruma, kama mtu aliyeingia nyumba ya wagonjwa bila kubisha hodi. Dada akafunga mlango nusu.

"Haya," akasema. "Mashine imebaki. Lakini lile neno langu nalo limebaki. Koti la Metroni ni drili, baba watoto. Mguu mmoja hauliwezi, unajua."

Alijua. Mimi nilikuwa nimeshavipiga vile vipande bandi upya, kazi isiyo yangu, na mishono yangu ilikuwa imeenda upande. Aliiona, akatamani kusema kitu, akajizuia, nami nikashukuru kwamba bado anatamani. Nilitia bobini mahali pake. Nilitia uzi kwenye sindano. Nikamwekea bega la koti chini ya mguu wa mashine na kurudi nyuma.

Aliketi. Alivua kiatu cha kulia, akavua na soksi. Akaunyanyua mguu ule mtupu, ukakaa juu ya kanyagio bila kuligusa, muda mrefu, hata nikadhani atautoa. Kisha akaushusha juu ya yale manyoya, polepole, na akavuta pumzi kwa meno.

"Pana baridi," akasema.

Dada akamsogezea kiatu pembeni. "Kanyaga. Patapata moto."

Akakanyaga. Sindano ikaingia kwenye drili, mashine ikakaza, sauti ikabadilika. Nilimwona akiisikia. Alifumba macho mara moja tu, kisha akayafumbua, akautazama mshono.

Alimaliza mchana umekwisha. Nilichukua koti, nikashika fundo begani, nikavuta bandi yangu ya upande upande. Ukatoka uzi mzima, na mkono wa koti ukabaki mahali pake. Nikavuta zote. Koti likabaki koti. Nikampelekea aone.

Hakuliangalia. Alikuwa ameinama chini ya cherehani, kiganja chake kiko juu ya kanyagio, upande wa kulia.

"Njoo ushike hapa," akaniambia.

Nikapiga magoti, nilivyokuwa napiga nikifuata ndala, nikashika. Kile chuma kilikuwa kimepata joto la mguu wake, joto la kutosha kabisa, na manyoya yalikuwa bado yapo.

"Utasema ametoka sasa hivi," alisema shemeji.

Sikuondoa mkono mpaka palipopoa.